Karatasi Kwenye Rejeta

Mwalimu Asumini alikuja kwangu Mkuti, Masasi,
gari likivutwa kwa kamba na Fuso ya korosho:
Doji la mwaka sabini na moja,
silinda nane, usukani kushoto,
rangi ya bibo lililosahauliwa juani.
"Linachemka," akasema. "Kama mwenyewe alivyokuwa."
Sikujua nicheke au nitoe pole,
maana arobaini ya marehemu ilikuwa haijafika.

Nikafungua boneti.
Feni ya mkanda, pangaboi la chuma lililopinda,
linalozunguka kwa kadiri injini inavyozunguka:
mwendoni, penye upepo wa bure, linajitutumua;
foleni ya ghalani, malori arobaini mbele, mzani mmoja,
hapo ndipo linaposinzia.
Rafiki wa siku ya karamu,
siku ya msiba humwoni.

Nikatandika gunia, nikazipanga za umeme.
Ya Korola: nyepesi, haisumbui betri,
lakini kuifunga kwenye silinda nane
ni kumpepea tembo kwa jani la mkorosho.
Ya Benzi: jitu,
peke yake inakunywa ampea thelathini na tano,
na altaneta ya zee hili inatoa thelathini na saba.
Usiku itabidi uchague: kuona au kupoa.
Za Maki Tuu: mbili, pacha, ndani ya kava lao,
zinavuta hewa rejeta nzima
siyo kitovu tu, pembe zikabaki zinaungua.

Aliuliza kama anayesahihisha madaftari.
Kwa nini ivute kwa nyuma, isisukume kwa mbele?
Mapanga yaliyonyooka na yaliyopinda, yapi yana adabu?
Nikamwambia yaliyopinda yananong'ona,
yaliyonyooka yanavuta zaidi ila yana kelele.
Akanyamaza kidogo.
"Miaka thelathini nimeishi na kelele.
Nyumba sasa imekuwa kimya mno.
Nipe zenye kelele."

Nikafunga pacha wale.
Rilei, fyuzi, waya mnene kama kidole cha mtoto,
swichi ya joto shingoni mwa mpira wa maji.
Kisha nikachana ukurasa wa daftari la madeni,
nikauweka mbele ya rejeta.
"Karatasi ikinata, feni inavuta."
Nikawasha.
Karatasi ikaruka ikamchapa kofi la uso.
Nilikuwa nimegeuza waya, chanya kwa hasi,
feni inapuliza mbele kama mtoto anayekataa uji.

Mwalimu akacheka. Alicheka mpaka akashika taa ya gari,
khanga ya msiba ikamdondoka begani,
vijana wangu wakaacha spana.
Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti:
Sifuri. Rudia.

Nikarudia. Karatasi ikanata,
na madeni ya watu yakasomeka mchana kweupe:
Chilumba betri, Mnali plagi,
Padri taa ya nyuma.

Alfajiri ya arobaini tukaelekea Newala.
Ukishaipita Nagaga barabara inaanza kudai.
Yeye alitazama njia, mimi nilitazama mshale.
Ukapanda. Ukapanda tena.
Feni zikaamka, zikaguna,
mshale ukasita kama mtu aliyeitwa jina,
ukashuka.

Kwa wakwe, penye turubai na masufuria,
akazima injini, akachomoa funguo, akateremka.
Feni hazikuzima.
Shemeji mmoja akasema limeharibika tayari,
pesa za mnada zimeliwa na fundi.
"Halijaharibika," akasema Mwalimu.
"Injini ikizima ndipo joto la ndani linapopanda.
Liacheni lipepewe."

Akasimama pale, kiganja juu ya boneti,
watu wanamngoja, mkeka umetandikwa,
mpaka pacha wale wakapunguza,
wakakoroma, wakanyamaza.

Ndipo akaingia kusalimia.